Huku Kontula, Kuku Ni Mimi

Helsinki, Januari

Mama, shikamoo. Baba, shikamoo. Shangazi, shikamoo na wewe, ingawa nimeambiwa ile video umeisambaza wewe, na kwamba imeshafika mpaka kijiwe cha bodaboda pale kituoni.

Ni mimi. Msibishane tena. Yule mtu mwenye koti jeusi anayepiga mbawa kwenye theluji huku akitetea kwa sauti ya mtetea aliyenyang'anywa mayai, ni huyuhuyu mliyemsomesha kwa kuuza kiwanja cha Zingiziwa. Aliyenirekodi ni Mtanzania mwenzangu wa ghorofa ya tatu, ambaye nilidhani ni rafiki. Sijarogwa, sijaanza bangi, na kazi sijafukuzwa. Nilikuwa kuku kwa sababu mjukuu wenu alihitaji kuku wa kumkimbiza, na Kontula nzima hakuna kuku anayetembea. Wote wamo kwenye majokofu ya supamaketi, hawana manyoya wala kichwa.

Acheni nieleze, maana Baba amenitumia ujumbe wa sauti mrefu ambao nusu yake anahema tu.

Mnajua mtoto tulimpa jina la Baba, kwa hiyo humu ndani anaitwa Mzee. Na shida ya kumpa mtoto jina la mkubwa mnaijua: hagombezwi. Mzee akimwaga uji kwenye zulia unasema, "Mzee, jamani," basi, yameisha. Mke wangu anakwenda chuo asubuhi, anarudi jioni. Mimi usiku nalea wazee, mchana nalea Mzee. Wale wa usiku ni Wafini wa miaka tisini na kitu. Wakishapewa dawa na chai wanalala. Huyu wa mchana ana miaka mitatu kasoro na hana habari na kitanda. Serikali ya huku ina posho ya mzazi ambaye mtoto wake mwenye umri wa chini ya miaka mitatu analelewa nyumbani badala ya kupelekwa chekechea ya manispaa. Ndiyo, Shangazi, nalipwa kwa kulea mwanangu mwenyewe. Usianze kupiga hesabu ya wote uliowalea wewe.

Kwa mpango huo, usingizi wa mchana wa Mzee ndio usingizi wangu. Akilala saa saba, na mimi nalala saa saba. Asipolala, usiku naingia kazini na macho mekundu, na wazee wananiuliza mimi kama nimemeza dawa zangu.

Sasa, nesi wa kliniki ya watoto alinipa karatasi. Mwaka 2016 Wizara ya Elimu na Utamaduni ya huku ilitoa mwongozo kwamba mtoto wa chini ya miaka 8 anatakiwa kuchangamsha mwili masaa 3 kila siku: mawili ya shughuli nyepesi na kucheza nje, moja la kutoa jasho hasa. Msidhani ni wazimu wa Wafini peke yao. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2019 likasema mtoto wa umri wa Mzee apate dakika 180 za kujishughulisha kwa siku, na alale masaa 11 hadi 14, usingizi wa mchana ukiwemo. Nesi akaniuliza kwa upole sana, "Masaa matatu anayapata?" Nilicheka, nikidhani tunataniana. Huko kwetu Chanika mtoto anayamaliza masaa hayo kabla maharage hayajaiva, na hakuna aliyewahi kukaa na saa akimhesabia.

Mnakumbuka Desemba ile ya mwaka juzi tulivyokuja. Nilibeba ratiba. Dada aliibandika kwenye friji ili awaonyeshe wageni: saa moja kuamka, saa tatu tunda, saa sita na nusu kulala. Siku ya kwanza mlinisikiliza kwa adabu. Siku iliyofuata naamka, Mzee hayupo kitandani, hayupo ndani, na kila ninayemuuliza ananijibu "si yupo hapo?" bila kutazama hapo ni wapi. Nilimkuta nyuma ya nyumba na chupi tu, miguu mitupu, amemshika mkono yule binti wa mpangaji wa chumba cha uani. Alikuwa ameshamkimbiza mtetea mwekundu kuzunguka nyumba. Ameshampelekea Baba ndala msalani, akazirudisha kabla Baba hajatoka. Ameshaokota embe zilizodondoka usiku, akazipanga barazani, akazipangua. Wakubwa walipoanza kombolela walimwingiza bila kumhesabu: anajificha palepale kila mara, katikati ya uwanja, amefumba macho, na wote wanapita wanajifanya hawamwoni. Adhana ya adhuhuri inaadhiniwa, yeye chali kwenye mkeka chini ya mwembe, kokwa la embe mkononi, mchanga mpaka kwenye nyusi, inzi wanafanya kikao mdomoni. Hakuna aliyembembeleza. Nilimtazama, nikaenda kuibandua ile ratiba.

Sisemi Chanika ni peponi. Siku ile alipopotea kweli, wote tulikimbilia kwanza kisimani, na hakuna aliyeuliza kwa nini miguu imetupeleka huko. Akaja kukutwa kwa mama ntilie, amepakatwa na dereva wa bodaboda, anakula maharage ya mtu.

Ila kule kumchosha Mzee ilikuwa kazi ya watoto wa mtaa mzima, mtetea mmoja, tairi la baiskeli na mwembe. Huku nafasi zote hizo nimepewa mimi.

Kontula iko mashariki ya Helsinki, mwishomwisho wa reli. Watu wa katikati ya mji wakisikia unaishi huku wanasema "aah" kwa sauti ileile ya watu wa Mikocheni ukiwaambia Chanika, kwa hiyo siwezi kusema nimehama sana. Mwezi wa kumi na mbili jua linachomoza kwenye saa tatu na nusu asubuhi, na saa tisa na robo limeshazama. Na hapo katikati haliwaki. Linapita chinichini nyuma ya maghorofa kama mtu anayekwepa duka analodaiwa. Ndiyo maana watoto wa huku wanapewa matone ya vitamini D kila siku. Jua lao linauzwa famasi, Mama, kwenye kichupa chenye kibomba cha kudondoshea. Na katika giza hilo, mtoto anatolewa nje. Mvua, theluji, upepo, anatolewa. Ukilalamika wanakuambia hakuna hali mbaya ya hewa, kuna mavazi mabaya tu.

Kuhusu mavazi. Kumvalisha Mzee ni kazi ya fundi na saidia fundi, nami niko peke yangu. Kwanza fulana na suruali ya sufu, zile za kubana. Kisha soksi za pamba, na juu yake soksi za sufu alizofumiwa na bibi mmoja wa kazini kwangu. Kisha sweta. Kisha ovaroli, ambalo ni vazi moja kutoka shingoni mpaka kifundoni, lenye zipu mbili na lisilo na mlango unaoeleweka. Unalilaza sakafuni, unamlaza Mzee juu yake, Mzee anaondoka. Unamrudisha, unaingiza mguu wa kulia, unageukia wa kushoto, wa kulia umeshatoka. Ukifanikiwa kufunga zipu, mikono yake inabaki imenyanyuka pembeni na haishuki tena mpaka jioni. Halafu buti, na mikanda ya mpira inayopita chini ya buti ili ovaroli lisipande. Halafu mzula unaoziba masikio na shingo, unaacha uso. Halafu glavu. Glavu za watoto hazina vidole, zina chumba cha dole gumba tu, na dole gumba la Mzee halijawahi kukubali kuishi peke yake. Linarudi kwa wenzake. Mwisho riflekta, kwa sababu sheria ya huku inamtaka hata mtembea kwa miguu aonekane gizani. Mzee ana mbili, moja kila upande. Kijiwe chetu kizima cha bodaboda hakina riflekta zinazofikia za mtoto huyu mmoja.

Na nyumba zao zina joto, jamani. Nikimaliza kumvalisha, shati langu limelowa, na Mzee, kwa joto lile na kulazwa chali muda wote huo, anaanza kusinzia. Hapo ndipo pa hatari. Kinababa na kinamama wenye watoto wa rika hili wanalijua jambo hili duniani kote: mtoto akiiba usingizi kidogo tu asubuhi, ule wa mchana umekwisha, hata umwimbie kwaya nzima. Inabidi nimkwapue, nishuke naye ngazi mbio, nifungue mlango wa chini, baridi impige usoni aamke. Anaamka na hasira za mtu mzima. Mimi jasho linaanza kuganda mgongoni.

Nyuma ya maghorofa kuna kilima, na watoto wanashuka nacho kwa kitu kinaitwa pulkka: kipande cha plastiki chenye kingo, kamba mbele, hakina gurudumu wala breki. Mzee anakaa, namsukuma, anateleza anapiga vigelegele mpaka chini. Sasa mlioko nyumbani mtadhani atapanda mwenyewe, maana ndilo zoezi lenyewe. Mzee hapandi. Anabaki amekaa, ameinua kamba, ananisubiri nije kumvuta. Nashuka, mara kwa miguu, mara kwa makalio. Nampandisha. Anasema, "Tena." Ile karatasi ya wizara nimeisoma mbele na nyuma, haijataja masaa matatu ni ya nani.

Ndipo nikawa kuku. Niligundua Mzee hatapanda kilima kwa heshima ya kilima. Atapanda kama kuna kitu kinamkimbia. Nilijaribu kwanza kukimbia nikiwa baba yake. Alinitazama tu. Nikainama, nikatoa viwiko nje, nikatetea. Mzee akasimama. Akaiacha pulkka, akapanda kilima chote kwa miguu yake, mikono ile iliyokataa kushuka ikipiga huku na huku, anafoka "Shaa! Shaa!" kwa sauti ya Mama kabisa, ile ya kufukuza kuku kwenye mchele uliosambazwa. Mwaka na zaidi umepita na hajasahau. Nilizunguka kilima, nikazunguka mti, nikapanda tena, na kila nikigeuka yupo nyuma yangu, uso mwekundu, anavuta pumzi za kweli. Saa la kutoa jasho tulilimaliza siku hiyo, yeye na mimi, na hapo ndipo yule ndugu wa ghorofa ya tatu alipofungua dirisha na simu yake.

Wafini waliokuwepo hawakusema kitu. Mfini hasemi. Lakini kesho yake baba mmoja mrefu alikuja na binti yake, akasimama pembeni, akasubiri sana, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuku atakuwepo. Siku hizi nafukuzwa na huyo binti, na Msomali mmoja wa jengo la jirani, na mapacha wa Kiestonia wasioelewa neno langu hata moja lakini "shaa" wameishika vizuri. Mkiona video nyingine, msishtuke.

Baada ya kilima tunaingia kwenye bustani ya michezo. Manispaa ya Helsinki ina bustani za watoto zenye nyumba ndani yake, na wafanyakazi, na midoli, na choo cha kimo cha Mzee, na kuingia ni bure. Humo ndimo lilimo kabati ambalo nimekuwa nikimweleza Mama kwa simu bila mafanikio.

Ni jeupe, refu kunipita, lina mlango wa bati. Nilidhani ni friji. Ukilifungua hamna mashelfu. Kuna vyuma vya kutundikia maovaroli, na upande wa ndani wa mlango vijiti vingi vimejipanga safu safu vikielekea juu. Kila kijiti kinavishwa glavu moja iliyolowa. Unafunga, unazungusha swichi ya saa, linaanza kunguruma. Hewa ya moto inapanda ndani ya vijiti, inaingia kwenye glavu, glavu zinatuna, zinasimama. Mara ya kwanza nilifungua kutafuta ya Mzee, nikakuta mikono midogo kibao imesimama inanipungia gizani, inatoa mvuke na harufu ya kondoo aliyenyeshewa. Nilifunga kwanza. Nikamsalimia Mtume. Nikafungua tena. Dada mmoja mfanyakazi alikuwa anapita, akanieleza taratibu: maovaroli chini ya hapa yasifike, buti kule, glavu jozi kwa jozi, wala usizidishe muda sufu ikasinyaa. Kuna karatasi mlangoni imeandikwa yote hayo, na ina mchoro. Mashine nzima, feni yake, umeme wake na mchoro wake, kwa kazi ambayo kamba ya Mama pale uani inaimaliza kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi. Mama aliposikia alinyamaza, nikadhani mtandao umekata. Halafu akauliza kama linaweza kukausha dagaa.

Siku ambazo baridi inapita kiasi tunabaki ndani, na ndani kuna kanuni. Zimebandikwa kwenye ngazi: kimya kuanzia saa nne usiku hadi saa moja asubuhi, na saa maalumu za kung'uta mazulia, kwenye vyuma maalumu vilivyojengwa uani kwa ajili ya kung'utia mazulia. Hakuna aliyeandika juu ya singeli, kwa sababu hawakuwaza. Namvika Mzee soksi za sufu ili vishindo visishuke kwa jirani, nawasha simu, tunaruka. Siku hizi hata vijana wa matamasha ya Ulaya wanaijua singeli; Nyege Nyege Tapes ya Kampala walitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017, wakauza muziki wa Mburahati mpaka huku. Mapigo mia mbili na zaidi kwa dakika. Nilivyodhani, wimbo mmoja ungemmaliza. Wimbo wa pili mimi nilikuwa kwenye kochi nashika mbavu, na yeye ameubadilisha mwenyewe kwa kidole, ameweka wa kasi zaidi.

Ikibidi tunakwenda mjini, maktaba. Shangazi, usicheke. Kuna maktaba inaitwa Oodi, imetazamana na Bunge, ilifunguliwa Desemba 2018. Ghorofa ya juu sakafu ni ya mbao, na kule mwisho inapanda taratibu ikawa mteremko. Watoto wanapanda mbio, wanashuka wakibingirika, na maktaba haijafungwa, na mkutubi yupo anawaona. Mimi niliyechapwa viboko vya mwalimu wa zamu kwa kukohoa maktaba, kila mara nakaa karibu na mlango wa kutokea. Maktaba za huku zinaazimisha hata vifaa vya michezo, unavichukua kwa kadi ileile ya vitabu. Pulkka yenyewe sikununua.

Kwenda huko ni metro, na mtu anayesukuma kigari chenye mtoto halipi nauli. Makonda wa Gongo la Mboto wasije wakasikia hili, wataacha kazi. Lakini mle ndani ndipo Chanika inaponijia hasa. Kwetu unapanda daladala umebeba mtoto, hata bomba hujalishika, mtu usiyemjua ameshampokea, amempakata, anamuuliza jina na umekula nini leo. Unasimama huru mpaka Pugu, hata hujui mtoto yuko kiti gani. Huku kila mtu na simu yake. Mzee hajakubali. Anapita kiti kwa kiti na lile ovaroli lake, anaweka mkono kichwani mwake mwenyewe, jinsi alivyofundishwa na Baba, anasema, "Shikamoo." Anasubiri. Anasogea kwa mwingine. "Shikamoo." Namjibu mimi, marahaba, kwa niaba ya behewa zima.

Kurudi ndiyo vita. Asubuhi nzima nimefanya kila mbinu achoke, sasa amechoka kweli, na metro inatikisika, na joto, na kichwa kinaanza kwenda upande. Akilala ndani ya metro, atalala mpaka nyumbani, ataamka mlangoni, na mchana wetu umekwisha. Kuanzia kituo cha Itäkeskus nabaki bila aibu: namtekenya, namvua kofia, namwimbia, namwambia tazama ng'ombe, wakati nje hakuna ng'ombe, kuna handaki. Inapopita Myllypuro na jicho moja limeshafunga, nawapigia nyinyi simu ya video. Huku ni saa sita, kwenu saa saba, mnakula. Dada huwa ananisema kwamba nawapigia saa za chakula kwa makusudi. Ni makusudi. Mzee akiona lile sahani la ugali na Mama anamwita "mume wangu," anaamka.

Kisha tunafika, anakula, na mkiwa mnadhani sasa nampeleka kitandani, hapana. Nampeleka nje tena.

Mama, hili kaa kwanza ndiyo ulisome. Wafini wanalaza watoto nje. Kwenye kigari, wamefunikwa vizuri, mlangoni au roshani, msimu wa baridi. Si masikini wala si wasio na vyumba. Daktari wao mashuhuri wa watoto, Arvo Ylppö, aliyezaliwa 1887 akafariki 1992, ndiye aliyewahimiza kinamama enzi hizo wawatoe watoto nje wapate hewa safi na jua, kwa hofu ya matege. Na wamesomea: Marjo Tourula wa Chuo Kikuu cha Oulu, huko kaskazini, alifanya utafiti wa shahada ya udaktari juu ya usingizi wa nje tu, na wazazi walimwambia watoto wanalala nje muda mrefu kuliko ndani, na kwamba nyuzi 5 chini ya sifuri ndiyo baridi nzuri ya kulalia. Kila nchi na kichaa chake: mwaka 1997 mama mmoja wa Denmark alikamatwa New York kwa kumwacha mtoto kwenye kigari nje ya mgahawa, na kwao hata kichwa mtu asingegeuza.

Nilikataa muda mrefu. Nikasema damu ya Pwani haigandishwi. Lakini mchana mmoja, Mzee ameruka mpaka juu ya meza na mimi sijalala tangu jana yake, nikamfunga, nikamfunika ngozi ya kondoo, nikamsogeza roshani. Alitazama juu kidogo. Akalala. Hakuimbiwa, hakutikiswa, hakupewa maziwa. Alilala mpaka giza likaingia, ambalo mwezi huu si hoja kubwa, lakini alilala.

Mimi je? Mimi nilikaa nyuma ya kioo na koti langu nimelivaa ndani ya nyumba yenye joto, namkazia macho. Akitoa pumzi, mvuke unatoka, nashukuru. Mvuke ukichelewa, nafungua mlango, namgusa pua. Pua ya baridi, shingo ya moto. Nesi alisema iwe hivyohivyo. Nafunga. Nafungua. Sikulala hata lepe, na usiku wake bibi mmoja wa kazini ndiye aliyenifunika mimi blanketi pale kwenye kiti.

Ni huyohuyo wa soksi. Alizaliwa Helsinki kabla ya vita, na ndiye aliyenieleza jambo moja ambalo nililiona mwenyewe kiangazi kilichopita nisijue asili yake. Mwezi wa sita na wa saba, shule zikifungwa, saa sita mchana yanaletwa masufuria makubwa kwenye zile bustani za michezo. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 16 anakuja na bakuli lake na kijiko chake, anapanga foleni, anapakuliwa. Haulizwi wa nani wala analala wapi. Ilianza mwaka 1942, wakati wa vita, na haijaachwa. Bibi anasema alisimama kwenye foleni hizo na bakuli la bati. Mzee alikwenda na lile la plastiki la kijani mlilompa. Tangu asubuhi alikuwa na kundi, wakubwa kwa wadogo, miguu mitupu, mchanga tele, mimi nimekaa kwenye benchi sina kazi. Akala, akawamwagia wenzake, akala cha jirani, akajilaza kwenye nyasi na kijiko mkononi, akakoroma. Nikakaa pale na bakuli lake. Nilitamani mtu apite aniulize, "Huyu wa nani huyu?" nimjibu, "Wa kwetu." Walipita wengi. Mfini hasemi.

Haya, majibu ya maswali yenu, maana Mzee yuko roshani na mvuke unatoka vizuri.

Baba, hapana, sitaacha kazi ya kuku. Nina wateja. Ulichouliza kuhusu magoti, ni kweli yanauma, na nitajipaka ile dawa ya Kichina uliyonitumia, japo mke wangu anasema inanuka: mimi au dawa, kimoja kitoke.

Shangazi, nashukuru kwa kujitolea kumchukua Mzee "hata miaka miwili tu." Nauli ya bei chee ya kupakatwa kwenye ndege inaishia mtoto akitimiza miaka miwili, sasa hivi analipiwa kiti. Na ukimchukua, posho unayoiulizia haiji na yeye.

Dada, nitumie khanga mbili za kumbebea, zile nzito, si zile zinazochuja. Usizitumie kwa mtu anayepitia Dubai, zitabaki Dubai. Lile tairi la baiskeli lililo nyuma ya banda msimpe fundi. Tunakuja mwezi wa kumi na mbili, embe zikiwa bado zipo, na safari hii sibebi karatasi yoyote. Ila mfunike kisima. Kwa mfuniko wa chuma, si lile bati na tofali juu yake.

Mama, kuhusu kabati na dagaa, nimeuliza. Yule dada wa bustani alifikiri sana, akaniomba nimwonyeshe picha ya dagaa, akaitazama kwa heshima, akaniambia lazima kwanza waitishe kikao.